Nta ya Mzee Usiguse

Watoto wa mtaa walimpa shemeji yangu jina la Usiguse kabla mimi sijahamia kwake, na nilipohamia sikuona sababu ya kulibadilisha. Ndilo neno alilolitumia kuliko mengine yote. Mtoto akipita na mpira, "Tazama, usiguse." Mgeni akiegemea nguzo ya banda la gari, "Tazama tu ndugu yangu, usiguse." Mimi mwenyewe, mtu mzima, mjane, dada mkubwa wa mke wake, nilifika pale na begi mkononi na msiba moyoni, na salamu yake ya kwanza ikawa hii: "Karibu sana shemeji, pole kwa yaliyokukuta, ila pitia upande ule. Begi lako lina zipu."

Zipu, kumbe, hukwaruza. Nilizunguka nyumba nzima nikaingia kwa mlango wa jikoni, na tangu siku hiyo nikajua nimekuja kuishi na watu watatu: mdogo wangu, mume wake, na gari.

Gari lenyewe lilikuwa jeusi. Lilikuwa la bosi wake kazini, na bosi alipostaafu akaliuza. Shemeji alilinunua, akaja nalo nyumbani polepole mno, mpaka waenda kwa miguu walikuwa wanampita na kumsalimia. Kazi yake ilikuwa mtunza stoo, vipuri vya mabomba ya maji. Ukitaka koki mpya kwake, lazima umweleze ile ya zamani imekufaje, na uje na maiti yake aione. Mtu wa namna hiyo ukimpa gari la bosi umemmaliza. Alianza kutembea kifua mbele. Alianza kusema "sisi wenye magari meusi", utadhani ni ukoo.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya nta. Asubuhi baada ya chai alivua viatu, akavua saa, akavua mkanda wa suruali kwa sababu chuma cha mkanda ni adui, akavua na pete ya ndoa akaiweka kwenye kisosi dirishani. Mdogo wangu aliwahi kuniambia, bila kucheka, kwamba yeye ameolewa siku sita kwa wiki.

Kisha zinaletwa ndoo mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia, na ole wako uchote maji ya kupikia kwa mojawapo. Anaosha kuanzia kwenye paa kushuka chini. Anakausha. Akishakausha anavaa mfuko wa nailoni mkononi kama daktari wa ng'ombe, anafumba macho, anapapasa bodi nzima akitafuta chembe za vumbi zilizogandia kwenye rangi. Anapapasa kwa huruma. Mdogo wangu akipita na beseni la nguo husema, "Mzee, ukimaliza huko, hata mgongo wangu nao una chembe." Hasikii. Hapo ukimpigia hata ngoma sikioni hasikii.

Ndipo inafunguliwa nta. Iko kwenye kopo bapa, na inafunguliwa kwa heshima zote. Anachota kidogo, kiasi cha mtu kupaka midomo, anaanza na boneti, kipande kwa kipande, akiongea peke yake kwa sauti ya mwalimu, maana kila mpita njia anahesabiwa kuwa ni mwanafunzi. "Nyeupe inaficha makosa. Kijivu inaficha. Nyeusi inakusema! Nta iwe nyembamba. Usipake kama unapaka siagi. Subiri igeuke ukungu. Pitisha kidole, ukiona chini panang'aa, basi imeiva, ifute." Na kufuta kwenyewe kulikuwa kwa mviringo. Mkono ulikwenda duara, duara, duara, kwa nguvu ya mtu anayesaga mahindi, mpaka mishipa ya shingo inamtoka. "Mviringo ndio siri," alikuwa akisema. Siri hiyo aliitangaza mtaa mzima.

Na amri kuu kuliko zote: kamwe usipake nta juani. Jua linaipika nta kabla hujaifuta, ikishapikwa inakamata, na ikikamata kwenye rangi nyeusi umevaa aibu yako hadharani. Kwa hiyo kazi yote ilifanyika bandani, kivulini. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kulichukia jua, alilipiga chenga kila siku. Kazini aliondoka alfajiri, akaliingiza gari ndani ya stoo katikati ya mapipa, akarudi nalo jua limezama. Jumapili tulikwenda kwenye shughuli zetu kwa basi, gari likabaki limefunikwa gubigubi kwa turubai. Hili naomba uliweke akilini: kwa miaka yote hiyo, shemeji yangu hakuwahi kusimama nje ya gari lake juani akalitazama.

Sisi wengine tuliwahi, Jumapili ambazo jua la jioni lilipenya bandani na upepo ukafunua turubai, yeye akiwa hayupo.

Sasa vitambaa. Kulikuwa na kitambaa cha kuoshea, cha kukaushia, cha kupakia na cha kufutia, kila kimoja na msumari wake ukutani, na kile cha kufutia lazima kiwe flaneli, laini, iliyofuliwa mara nyingi ikalegea. Flaneli ya dukani aliidharau. Alitaka iliyozeeka, na iliyozeeka iko wapi kama si ndani ya kabati la mke wake? Gauni la kulalia la mdogo wangu, lile la mwanzo wa ndoa, liliingia mitini. Tulikuja kulikuta likifuta taa za mbele. Na kitambaa kikianguka chini hata mara moja kimekufa, kimebeba mchanga, hakirudi kwenye gari. Kinashushwa cheo, kinakuwa cha jikoni. Kwa hiyo sisi tukimaliza kula tulikuwa tunafuta meza kwa marehemu.

Ningeweza kucheka mpaka leo kama isingekuwa binti yao.

Wana mtoto mmoja tu, wa kike, na mimi ndiye mama yake mkubwa. Huyu mtoto alikua akijua kwamba kuna kitu bandani kinachopendwa kuliko yeye. Siku aliyofaulu mtihani wa kumaliza shule alikuja mbio na wenzake, akabwaga mkoba wake juu ya boneti, akamkumbatia baba yake. Baba aliutazama mkoba, hakumtazama mtoto. Alifoka mbele ya wenzake mpaka wale wasichana wakaaga mmoja mmoja. Na siku ya harusi yake, mama yake alipoomba gari jeusi limbebe bibi harusi, jibu lilikuwa kwamba maua na utepe hubandikwa kwa gundi, na gundi ikibanduliwa inaondoka na nta. Bibi harusi alibebwa na gari la kusambazia mikate la kiwandani kwa mama yake. Lilinukia vizuri, hilo lazima niseme.

Basi binti alipokaribia kujifungua, mume wake akiwa safarini kikazi, lilizuka suala la wapi akalelewe yeye na mtoto miezi ya mwanzo. Mama mkwe wake alimtaka, na ana nyumba kubwa. Mdogo wangu alimtaka pia, tena alimtaka kwa moyo wote. Alishaanza kupaka chumba rangi, alishaomba ruhusa kiwandani kwao, maana anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Binti alisikiliza pande zote mbili, akamwambia mama yake mbele yangu:

"Mama, baba akija kunitoa hospitali yeye mwenyewe, nakuja nyumbani. Asipokuja, naondoka na mama mkwe. Na mwambie sitaki sababu."

Mdogo wangu alifikisha ujumbe neno kwa neno. Shemeji aliweka kijiko chini. Nakwambia machozi yalimlengalenga, na nilishangaa nikajikuta namwonea huruma. "Mwambie nitakuja," alisema. "Tena nitakuja na gari. Nitalipaka nta kwanza, mjukuu wangu apande kitu kinachong'aa." Alimaanisha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Katika akili yake hakukuwa na zawadi kubwa kuliko hiyo, na aliitoa kwa roho moja.

Mtoto akazaliwa, wa kike. Madaktari wakasema wote wawili watatoka Jumapili. Mdogo wangu alihangaika wiki nzima, anakunja, anakunjua, anatafuta kablanketi ka manjano ka binti yao, kale kenye picha za bata kwenye pindo. Binti alikuwa amekaulizia mwenyewe. Alikakumbuka vizuri, maana alilala nako mpaka anaanza shule, kisha kakapotea akalia siku nyingi. Tulipekua masanduku yote. Hakakuonekana.

Jumamosi shemeji akavua mkanda, akavua pete, akaanza. Sijawahi kumwona na bidii kama ile. Siku hiyo alikiuka hata utaratibu wake mwenyewe: badala ya kipande kwa kipande, alipaka boneti na ubavu mzima wa kushoto kwa mpigo, ili vyote viive pamoja, avifute pamoja, apate muda wa kurudia mara ya pili. Boneti nyeupe, ubavu mweupe, kwingine kweusi. Alikuwa amesimama anaingoja nta iive, flaneli begani, mikono kiunoni, pale simu ya mdogo wangu ilipolia.

Alikuwa ni binti. Wodi imejaa, wagonjwa ni wengi, wameruhusiwa leo. Adhuhuri wanatakiwa wawe wameshaacha kitanda. Mama mkwe ameshasikia na yuko njiani.

"Baba anakuja?" aliuliza. Sauti ilitoka kwenye simu tukaisikia sote, hata mwenye gari.

Mdogo wangu alimtazama mumewe. Mumewe alilitazama gari.

"Anakuja," alisema mdogo wangu, akakata simu. "Mzee, vaa viatu twende."

"Twende wapi na gari liko hivi? Hii nta haijaiva, mama."

"Ifute njiani."

"Ifute njiani!" Alicheka kama mtu aliyesikia tusi. "Nje kuna jua kali. Nikilitoa sasa hivi nta inapikwa yote, inakamata, haitoki tena. Nipe mpaka mchana tu. Hospitali haiwezi kumtupa mzazi nje."

"Haimtupi. Ataondoka na mama mkwe wake."

"Mwambie asubiri! Si nalifanya kwa ajili yake?"

Hapo ndipo nilipotia mdomo wangu. Nilimwambia, "Shemeji, mtoto hakuomba nta. Aliomba wewe."

"Shemeji, haya mambo huyajui," alinijibu, akapitisha kidole kwenye boneti kuona kama imeiva.

Mdogo wangu hakubishana. Aliingia ndani. Nilidhani amekwenda kulia, maana ni mpole, huyu tumbo moja nami lakini hatukugawana mdomo. Alitoka amevaa viatu vyake vya kazini, mkoba begani, na mkononi ameshika ufunguo wa gari ukiwa bado ndani ya kifuko chake. Ndiyo, ufunguo nao ulikuwa na kifuko cha flaneli. Aliuvua kile kifuko, akakitupa chini, akafungua mlango wa dereva, akakaa.

Hapa kuna jambo ambalo shemeji hakulijua. Kule kiwandani, dereva wa gari la mikate alikuwa amemfundisha mdogo wangu kuendesha, na yule dereva alipougua mdogo wangu ndiye aliyekuwa anasambaza mikate asubuhi. Leseni yake ilikaa ndani ya mkoba, nyuma ya picha ya harusi yao. Mimi nilijua, binti alijua, wenye maduka walijua. Mumewe hakuwahi kuuliza alikuwa anakwendaje kazini wala anafanya nini akifika, na mdogo wangu hakuona haja ya kumpa taarifa ambazo hakuziomba.

Niliingia upande wa pili, mbiombio, kabla hajabadili mawazo. Injini ikanguruma.

"We mama! We mama, unafanya nini? Unajua hata gia iko wapi?"

Mdogo wangu aliingiza gia, akalitoa gari bandani taratibu na kwa unyoofu, kama anachomoa mkate kwenye tanuri. Shemeji alikimbia pembeni akipiga kelele zisizo na maana, "Breki! Kivuli! Breki!", kisha akafungua mlango wa nyuma akajitupa ndani. Peku. Bila mkanda. Flaneli begani. Njia nzima alikuwa ameshika suruali kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anatoa flaneli dirishani akijaribu kufuta mlango kwa nje huku gari linakwenda. Watu walisimama kando ya barabara kututazama: gari jeusi lenye ubavu mweupe, mwanamke kwenye usukani, na mzee anachungulia nyuma anapunga kitambaa. Wapo waliotupungia na wao.

Tulifika hospitali jua liko utosini. Uwanja wa pale hauna mti hata mmoja. Mdogo wangu alipaki katikati, mbele ya mlango wa wodi ya wazazi, akazima. Teksi iliyochakaa, imejaa vumbi mpaka kwenye vioo, ilikuwa imeshafika. Mama mkwe wa binti alikuwa amesimama karibu nayo na mwavuli. Na mlangoni, kwenye benchi, binti yetu amekaa na mtoto mikononi. Alikuwa bado hajainuka kumfuata mtu. Alikuwa anatungoja sisi.

Alimwona baba yake akishuka, akatabasamu. Niliona. Hata angekataa leo, mimi niliona. Peku, suruali inateleza, lakini amekuja. Kilichobaki kwa shemeji kilikuwa kutembea tu kutoka kwenye gari mpaka kwenye benchi, umbali wa kurusha ufunguo.

Alishuka kwa mlango wa kulia, akageuka kuufunga. Na alipogeuka aliliona gari.

Sehemu iliyopakwa nta ilikuwa imekauka nyeupe kama ukuta wa chokaa, imeanza kupasuka nyufa. Lakini si hiyo iliyomfanya ashike kichwa. Ilikuwa ule upande ambao hakuupaka bado, upande mweusi, mkavu, wa zamani, wenye kazi yake ya miaka yote. Jua lilikuwa limeupiga sawasawa. Na kila mahali, kwenye mlango, kwenye bodi juu ya gurudumu, kwenye paa, ilionekana mikwaruzo myembamba ya mviringo, duara ndani ya duara, mamia kwa mamia, kama tako la sufuria iliyosuguliwa kwa nyuzi za chuma.

"Nani amefanya hivi?" alisema. "Nani? Watoto? Nani kagusa?"

Alipeleka mkono juu ya mlango, ukaanza wenyewe kwenda duara, duara, ukafuata michoro ile bila kukosea hata kidogo. Akauondoa kama ameungua.

"Ilikuwepo tangu zamani, mzee," alisema mdogo wangu kwa upole. "Juani inaonekana."

"Ulikuwa unajua?"

"Mtaa mzima unajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeanza upya," alisema mdogo wangu.

Nilitamani kucheka na nilitamani kulia, sikufanya lolote. Mdogo wangu alimgusa bega. "Mtoto anangoja. Nenda."

Na angeweza kwenda. Alipiga hatua, Mungu ni shahidi wangu. Halafu kwenye boneti kipande cha nta kikapasuka kikajikunja, akakiona kwa pembe ya jicho, akarudi. Aliinamia boneti akaanza kufuta. Nguvu zake zote. Suruali aliibana kwa kiwiko. Nta haikutoka, ilikuwa imekamata kama alivyokuwa akitufundisha Jumamosi zote, na kadiri alivyosugua ndivyo alivyozidi kuipaka upya.

Binti aliinuka na mtoto akaja mpaka mbele ya gari. "Baba," aliita.

"Nakuja, mwanangu. Nipe dakika mbili tu. Hapa pakishakamata..."

Binti alikuwa hamtazami usoni. Alikuwa anatazama kitambaa. Kilikuwa kimefifia na kimejaa nta, lakini kilikuwa cha manjano, na kwenye pindo lake, pale baba alipolikunjia kwenye kidole gumba apate mshiko, kulikuwa na nusu ya bata.

"Mama," alisema binti, taratibu kabisa, "lile blanketi tulilokuwa tunalitafuta limeonekana."

Shemeji alikitazama kile kitambaa mkononi mwake. Sidhani kama alijua. Kwake ilikuwa ni flaneli laini aliyoipata kabatini siku fulani, akaikata vipande vinne. Alikinyoosha kumpa, kisha akaona kilivyo, akakirudisha kifuani.

Binti hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu kwetu sote. Aliingia kwenye ile teksi ya vumbi, mama mkwe akamfunika mtoto jua kwa mwavuli, mlango ukagoma kufunga mpaka ukapigwa teke. Mdogo wangu alichukua mabegi kwenye benchi, akayapakia kwenye buti la gari jeusi, zipu na vyote. Aliyaburuta juu ya bampa, nadhani kwa makusudi.

"Mama, unakwenda wapi?" aliuliza mumewe.

"Nafuata mjukuu wangu."

"Na mimi?"

"Wewe hujamaliza," alisema, akawasha gari. Ikabidi mumewe aondoe mkono kwenye boneti ili asikokotwe. Gari likaondoka nyuma ya teksi, nusu jeupe nusu jeusi, naye akabaki uwanjani na kitambaa hewani.

Mimi ndiye niliyemrudisha nyumbani, maana hakuwa na viatu wala nauli. Ndani ya basi watu walimpisha kiti. Walidhani ametoroka wodini. Sikuwasahihisha. Nilikuwa na maneno mengi ya kumpa, vidonge vyake vyote alivyostahili tangu siku ya begi langu, lakini alikaa anakitazama kile kitambaa mapajani, akikikunja bata wake ndani, akikikunjua, nikaona bora ninyamaze. Wema ule sijui ulitoka wapi.

Ungedhani hapo aliacha. Mdogo wangu alimjua vizuri kuliko wewe na mimi. Alianza upya.

Alichukua likizo. Aliitoa nta yote ya zamani, akalisugua gari kwa dawa ya kuondoa mikwaruzo, siku baada ya siku, safari hii kwa mistari iliyonyooka, kutoka mbele kwenda nyuma, bila kukandamiza, na kila kipande alikitoa juani kukikagua. Kwa hiyo gari lililokuwa halijui jua likawa linalala juani, na yeye pembeni yake, mweusi kuliko lenyewe. Mdogo wangu alikwenda kumwona mjukuu kila jioni kwa basi, akarudi na habari: amenenepa, anacheka usingizini, amenishika kidole. Shemeji alisikiliza zote. "Mwambie nakuja," alikuwa akisema. "Nimalize tu mlango wa nyuma."

Siku aliyomaliza, sina budi kusema kweli, gari lilikuwa zuri. Hapakuwa na duara hata moja. Alivaa shati jeupe, akafunga mkanda, akavaa na pete, akampa mdogo wangu ufunguo mwenyewe, bila kifuko. Akakaa nyuma, amepakata mfuko wa karatasi. Ndani kulikuwa na blanketi jipya la manjano. Lilikuwa la dukani.

Mama mkwe alitupokea vizuri. Binti alikuwa chumbani, mtoto amelala kitandani katikati ya mito miwili, macho wazi, anaitazama dari. Amefanana na babu yake kwa kipaji cha uso, maskini. Shemeji alisimama mlangoni. Alisogea. Aliweka mfuko juu ya kiti. Alinyoosha mikono yote miwili, ile mikono yenye kucha nyeusi kwa dawa, inayonukia nta kiasi cha kwamba mimi niliisikia kutoka nilipokuwa nimesimama.

Binti naye aliisikia. Aliweka kiganja chake katikati, kati ya mikono ya baba na mtoto. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Tazama, baba. Usiguse."

Hakuambiwa mara ya pili. Alirudi nyuma hatua moja, akaweka mikono nyuma ya mgongo, akashika mkono mmoja kwa mwingine, shingo ameinyoosha mbele kuona vizuri. Kila mtoto wa mtaa wetu anaujua msimamo ule. Yeye ndiye aliyetufundisha sote.

Dirisha la chumba lilikuwa mbele yetu, wazi. Nje mdogo wangu alikuwa amepaki gari juani, na alikuwa amepanda juu ya boneti, viatu vyake vya kazini kwenye bampa, anamenya chungwa na kuangusha maganda kwenye mapaja. Nilimwona mimi, na shemeji alimwona. Nilisubiri apige kelele.

Alimtazama kitambo. Kisha akarudi kumtazama mtoto, mikono bado iko nyuma, akauliza kwa sauti ndogo kama anaruhusiwa kukaa.